Bufee ya vyakula vya Kiafrika na mama mkwe asiyekula pilipili: achague nini?

Mkwe wa Tanga aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote, na shikamooni wakubwa. Ninaishi Silver Spring, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, na kwa sasa yupo nyumbani kwetu mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Jumapili ijayo tumealikwa na mfanyakazi mwenzangu, Mnigeria, ambaye binti yake amehitimu chuo, na sherehe itafanyika katika mkahawa unaoandaa bufee ya vyakula vya Kiafrika. Kwa jinsi alivyonieleza, meza moja itakuwa na vyakula vya Afrika Magharibi, nyingine itakuwa ya Ethiopia, na ipo sehemu ndogo ya vyakula vya kwetu Afrika Mashariki pamoja na vya Kisomali. Suala la nyama kuwa halali nimekwisha kulithibitisha kwa wenye mkahawa, kwa hiyo hilo halinisumbui.

Kinachonisumbua ni pilipili. Mama hali pilipili kabisa. Viungo vingine havimshindi: pilau yake ina bizari, hiliki, mdalasini na karafuu za kutosha, na chai hainywi bila tangawizi. Lakini pilipili kali, hata iliyopitishwa tu kwenye mchuzi ikatolewa, humwasha midomo na kumtoa machozi, na usiku hulalamika tumbo. Amekuwa hivyo tangu nilipoolewa na mwanawe, na mume wangu anasema hakuwahi kumwona akila pilipili tangu yeye mwenyewe akiwa mdogo.

Nina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba, kwa heshima aliyo nayo, atakula chochote atakachopakuliwa, atanyamaza, kisha atateseka usiku kucha bila kuniambia. Ya pili ni kwamba atachukua wali mweupe peke yake na kukaa nao mbele ya watu wanaokula kwa furaha, na mwenyeji wetu ataliona hilo na kuumia moyoni. Ningependa ale ashibe, aonje vyakula vya ndugu zetu wa sehemu nyingine za bara hili ambavyo hajapata kuviona, na asifanywe aonekane mgonjwa. Mimi nimekula pilipili tangu utotoni, kwa hiyo siuamini ulimi wangu katika kumchagulia. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni vyakula gani anaweza kuvila kwa utulivu, ni vipi aviepuke hata vikionekana vya upole, na ni kwa namna gani niulize bila kumfedhehesha yeye wala mwenyeji.

Upawa, Houston, alijibu:

Dada, pole kwa wasiwasi na hongera kwa kumjali mama kiasi hicho. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika jiko la mkahawa wa Kinigeria hapa Houston, kwa hiyo nitakujibu zaidi kuhusu meza ya Afrika Magharibi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo itakayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote.

Usianze kwa kuuliza chakula kipi ni kikali. Uliza pilipili iliingia lini. Vipo vyakula ambavyo pilipili husagwa na kupikwa humo ndani tangu mwanzo, na vipo ambavyo pilipili husubiri mezani katika kibakuli chake ili kila mtu ajitilie apendavyo. Vya aina ya kwanza haviokoleki kwa namna yoyote, hata ukichagua kwa makini vipande visivyo na mchuzi. Vya aina ya pili ni vya mama, hata kama kibakuli kilicho pembeni yake kinatisha.

Chukua mfano wa wali wa jollof, ambao bila shaka utakuwa katikati ya meza. Nyanya, vitunguu, pilipili kubwa nyekundu za upole ambazo Wayoruba huziita tatashe, na zile ndogo za mviringo ziitwazo ata rodo, ambazo ni ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi yetu, zote hutiwa pamoja kwenye blenda na kusagwa hadi ziwe rojo moja. Rojo hilo hukaangwa polepole mpaka maji yakauke, harufu ya ubichi iishe, na mafuta yaanze kujitenga pembeni mwa sufuria. Hapo ndipo mchele unapotiwa na kufunikwa. Kila punje hunywa rojo hilo inapoiva. Ukiutazama wali huo kwenye sahani huoni hata kipande kimoja cha pilipili, na mgeni anaweza kudhani ni wali wa nyanya tu, lakini ukali umo ndani ya punje na hakuna wa kuutoa. Wapishi wengine hupunguza ata rodo wanapopikia wageni mchanganyiko, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kuuliza, ila usimpakulie mama kwa kukisia.

Rangi nayo huwadanganya wengi. Supu ya egusi, ambayo hupikwa kwa mbegu za jamii ya matikiti zilizosagwa, huonekana nyekundu na ya kuogofya, kumbe sehemu kubwa ya wekundu huo hutokana na mawese, ingawa pilipili nayo kwa kawaida humo. Kwa upande mwingine, nsala ya Waigbo ni supu nyeupe kwa kuwa haitiwi mawese, na supu ya pilipili huwa nyepesi na yenye rangi hafifu kama mchuzi wa kuku wa mgonjwa. Zote mbili huweza kumtoa mtu jasho la usoni. Waghana nao wana supu nyepesi ya nyanya inayoliwa na fufu, yaani bonge laini la kutwangwa linaloliwa kama ugali, na hiyo pia kwa kawaida huwa kali. Moi moi, ile keki laini ya kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke, huonekana kama chakula cha mtoto, lakini kunde husagwa pamoja na pilipili. Akara, zinazofanana na bajia zetu za kunde, ni vivyo hivyo.

Suya aiache kabisa. Nyama ile hupakwa unga wa karanga uliochanganywa na tangawizi na pilipili kavu kabla ya kuchomwa, kisha hunyunyiziwa unga uleule ikiwa imeiva.

Sasa nije kwenye yale atakayoyafurahia. Ndizi za kukaanga, ambazo Wanigeria huziita dodo, hazina kitu zaidi ya ndizi mbivu, mafuta na pengine chumvi. Awe tu mwangalifu na kelewele ya Ghana, ambayo ni ndizi za vipande vidogo zilizokwisha kuchanganywa na tangawizi na pilipili kabla ya kukaangwa. Waakye, wali wa Ghana uliopikwa pamoja na kunde na majani ya mtama yanayoupa rangi ya hudhurungi, wenyewe ni mpole. Kinachowasha ni shito, ile pilipili nyeusi ya mafuta na dagaa inayowekwa kando yake. Viazi vikuu vilivyotwangwa, eba, ambayo ni ugali wa muhogo, na fufu havina pilipili. Ikiwapo ewedu, mwonyeshe mama bila kusita, kwa kuwa ni majani yaleyale ya mlenda, na atayatambua mara tu yatakapovutika kwenye kijiko. Waombe tu wasimwagie mchuzi mwekundu juu yake, kwa maana ndivyo inavyozoeleka kupakuliwa.

Wasenegali wana desturi inayofanana na ya mwambao wetu. Katika thieboudienne, wali wa samaki ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, pilipili mara nyingi huachwa nzima ielee chunguni, kisha hutolewa na kuwekwa pembeni kwa anayeitaka. Hata hivyo, samaki mwenyewe hutobolewa na kujazwa majani ya kotimiri, vitunguu saumu na pilipili, kwa hiyo mama, kwa kuwa huwashwa hata na pilipili iliyopitishwa tu, aonje kidogo kwanza wali, muhogo, karoti na kabichi, na samaki amguse sehemu isiyo na majani. Kuku wa yassa, aliyepikwa kwa vitunguu vingi na ndimu, ukithibitisha kwamba hakutiwa pilipili, ndiye ningempa nafasi ya kwanza kati ya vitoweo vyote vya Afrika Magharibi kwa mtu wa Tanga.

Jambo moja la bufee yenyewe: miiko na pawa huhamahama. Mtu huchota supu ya pilipili, kisha kwa upawa uleule hujipakulia kitoweo cha jirani. Fikeni mapema, mama apakue kabla foleni haijawa ndefu.

Mke wa Mhabeshi, Nairobi, alijibu:

Nakubaliana na Upawa kuhusu swali la pilipili iliingia lini, na ninapenda kuongeza kwamba meza ya Ethiopia ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu kama mama, kwa sababu wapishi wenyewe wamekwisha kuigawa. Mume wangu anatoka Addis Ababa, na katika jiko la mama yake vitoweo ni vya namna mbili zinazojulikana kwa kila mtu. Upande mmoja ni vile vinavyopikwa kwa berbere, mchanganyiko wa pilipili nyekundu kavu, vitunguu saumu, tangawizi, uwatu na viungo vingine, na vyote huwa na wekundu uliokolea unaokaribia hudhurungi. Upande wa pili ni alicha, yaani vitoweo visivyotiwa berbere, ambavyo hupata rangi ya manjano kutoka kwenye bizari ya manjano. Mhudumu yeyote Mhabeshi ukimwambia unataka alicha ataelewa papo hapo, na hataona kuwa umemdharau, maana alicha ni chakula kamili cha heshima kinacholiwa hata na walaji wakubwa wa pilipili.

Kwa hiyo kwenye meza ile atafute kik alicha, ambayo ni dengu za manjano zilizopondeka zikawa kama rojo zito. Kabichi iliyopikwa na karoti na viazi. Na alicha ya kondoo au ya ng'ombe ikiwapo. Gomen, ambayo ni majani yanayofanana sana na sukuma wiki, kwa kawaida ni ya upole, ingawa wapo wanaoitupia pilipili mbichi za kijani zilizopasuliwa. Hizo huonekana kwa macho. Ayib, jibini nyeupe laini isiyo na chumvi nyingi, ni rafiki mwema wa kuwa naye sahanini hata kama hakuna kilichomwasha.

Aepuke doro wat, mchuzi wa kuku wa berbere, ingawa najua yai zima lililolala kwenye mchuzi ule litamvutia. Aepuke dengu nyekundu za misir wot, kitfo, yaani nyama mbichi iliyosagwa yenye unga mkali wa pilipili uitwao mitmita, na pia shiro, kwa sababu unga wake wa dengu mara nyingi huwa umekwisha kuchanganywa na berbere tangu unasagwa. Tibs, vipande vya nyama ya kukaanga, aulizie kwanza, kwani kila jiko lina mazoea yake.

Injera, mkate mpana wa Ethiopia unaowekewa vitoweo juu, yenyewe haina pilipili hata chembe, lakini ni kama sponji. Watu wakila pamoja kwenye sinia moja, michuzi hukutana katikati na injera ya chini hunywa yote. Ingekuwa vyema mama awe na injera yake kwenye sahani yake, iliyokunjwa, bila kuwekewa kitu juu, naye ajimegee na kuchovya mwenyewe. Kwetu jambo hilo halivunji adabu katika bufee, kwa kuwa kila mtu hujipakulia.

Muuguzi wa Mwanza alijibu:

Ninapenda kuongeza machache upande wa mwili, kwa sababu naona katika maelezo yako umetaja tumbo.

Kinachowasha katika pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hupatikana kwa wingi zaidi kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Hufanya kazi kwa kuamsha vipokezi vya neva vilevile vinavyotuarifu kuwa kitu ni cha moto. Ndiyo maana mtu husema kinywa kinawaka hata kama chakula kimepoa. David Julius, aliyegundua kipokezi hicho kwa kutumia kapsaisini hiyohiyo, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Neva za mtu anayekula pilipili kila siku huzoea kwa kiasi fulani, na hapo ndipo ulipo ukweli wa ulichosema, dada, kwamba usiuamini ulimi wako. Ukionja wewe ukasema haikuwashi, bado hujajua itamfanyaje mama. Vilevile mhudumu akikwambia kwamba ni kidogo tu, kumbuka kwamba anapima kwa ulimi wake.

Tofauti za pilipili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika kipimo kilichobuniwa na mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, pilipili hoho kubwa tamu huwa 0, jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, na pilipili za jamii ya habanero, ambazo hizo ata rodo ni ndugu zake, hufika kati ya 100,000 na 350,000. Ndiyo sababu ata rodo moja ikisagwa ndani ya sufuria huweza kuhisiwa na walaji wote. Pilipili manga na tangawizi huwasha kwa kemikali nyingine, na kwa kuwa mama anavila vitu hivyo bila shida, msimnyime chakula kwa kuona tu chembe nyeusi za pilipili manga.

Kapsaisini huyeyuka katika mafuta, haiyeyuki vizuri katika maji. Kuna mambo mawili yanayotokana na hilo. Mafuta mekundu yanayoelea juu ya mchuzi uliopikwa kwa pilipili hubeba ukali mwingi, kwa hiyo anayetaka kuonja kidogo asichote juu. Na akiwashwa, maji baridi yatamfariji kwa dakika moja na kuusambaza moto kinywani. Maziwa au mtindi hufaa zaidi, kwa sababu protini ya maziwa husaidia kuiondoa kapsaisini ulimini. Kipande cha ndizi, wali mweupe au kitu chenye sukari pia husaidia kiasi. Muwe na mtindi karibu tangu mwanzo.

Wakati wa kuonja, achukue kiasi cha ncha ya kijiko, ameze, kisha asubiri kidogo kabla ya kuongeza, kwa kuwa ukali wa pilipili huendelea kupanda baada ya tonge kupita.

Kuhusu tumbo lake, vidonda vya tumbo mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na matumizi ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, na ugunduzi kuhusu bakteria huyo ndio uliowapatia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pilipili haichimbi vidonda, lakini kwa baadhi ya watu huamsha maumivu na kiungulia. Ikiwa mama analalamika tumbo hata siku ambazo hajagusa pilipili, apelekwe kwa daktari, msiendelee kuilaumu pilipili peke yake.

Na nikuombe jambo moja: hakikisha kwamba ni pilipili tu inayomsumbua, na kwamba hana mzio wa karanga au wa kamba. Katika meza ya Afrika Magharibi karanga zimo kwenye suya na kwenye mafé, ambao ni mchuzi wa karanga, na unga wa kamba wakavu hutiwa katika supu nyingi. Kwa mtu mwenye mzio, upawa uliohama sufuria ni hatari ya kweli, na ushauri wote uliotolewa hapa usingetosha.

Mwana wa Kibokoni, Mombasa, alijibu:

Mwanangu, marahaba. Wenzangu wamekwisha kukueleza vyakula, nami nitasema kuhusu mama yako na kuhusu meza yetu wenyewe, ambayo naona watu wameipita wakidhani ni salama tupu.

Meza ya mwambao ina pilipili zilizojificha, na wewe unazijua isipokuwa umezizoea. Pilau haina pilipili kali, na wali wa nazi hali kadhalika, lakini kachumbari hukatiwa pilipili mbichi, na hata ukiziondoa kwa uma, maji ya ndimu na chumvi yamekwisha kubeba ukali wake. Sambusa hutiwa pilipili za kijani zilizokatwa ndogondogo sana ndani ya nyama, ambako hazionekani mpaka mtu ameuma. Rojo la biriani hutofautiana kwa kila mpishi. Mchuzi wa samaki wa nazi mara nyingi hutiwa pilipili nzima ielee juu. Ikiwa haikupasuka, mchuzi huwa na harufu yake tu, na ikipasuka wakati upawa unapopita, chombo kizima kimebadilika. Kwa mama anayewashwa hata na pilipili iliyopitishwa tu, mchuzi huo aupishe. Achari na pilipili ya ukwaju zinajulikana, sina haja ya kuzisema.

Kwenye upande wa Wasomali, mwambie mama achukue bariis, wali wao wenye hiliki, mdalasini na nyama ya mbuzi, na ale na ndizi mbivu kama wanavyokula wao. Pilipili yao, basbaas, hukaa kwenye kibakuli chake, kwa hiyo wali na nyama vinakuwa salama. Nyama choma, ugali, sukuma wiki, mukimo, matoke, na majani ya muhogo ambayo ninyi mnayaita kisamvu na Wakongo huyaita sombe au pondu, vyote hivi kwa desturi huliwa pilipili ikiwa kando. Ukitazama vizuri utaona kwamba mama ana nusu ya mkahawa mzima ya kuchagua.

Sasa kuhusu adabu. Usimtangaze mezani. Kumsimamia mzee mbele ya watu na kusema kwa sauti kwamba huyu hali hiki wala kile ni kumpunguzia heshima, hata ukifanya kwa mapenzi. Zungumza na mwenyeji wako faraghani kabla ya siku yenyewe, umwambie kwa ufupi kwamba mama anakuja kwa furaha na kwamba hali pilipili kali. Wanigeria ni watu wanaowaheshimu sana wazee. Kwa mama wa umri huo, mwenyeji huyo pengine ataagiza kitu maalumu kipikwe, na ataona ni fahari yake. Simu kwa mkahawa nayo ipigwe, lakini ukiongea na mkahawa sema "bila pilipili kali", usiseme "bila viungo", wasije wakamletea kuku wa kuchemsha asiye na ladha yoyote.

Siungi mkono wanaokwenda kwenye karamu za watu wakiwa wamebeba hotipoti mkobani. Ni bora mama ale kidogo nyumbani kabla ya kutoka, asifike na njaa inayomlazimisha kuchukua chochote kilicho karibu.

Neno langu jingine ni kwa wale watakaomcheka, maana huwa hawakosekani. Nimesikia vijana wakisema kwamba Mwafrika asiyekula pilipili si Mwafrika kamili. Pilipili hizi zote, kuanzia kichaa hadi mbuzi, asili yake ni bara la Amerika, na zilifika huku baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, Wareno wakiwa miongoni mwa walioziingiza. Kabla ya hapo babu zetu walikolezea vyakula vyao kwa tangawizi, pilipili manga na mbegu za porini za Afrika Magharibi, na walikuwa Waafrika bila kupungukiwa kitu. Mama yako hana deni kwa mtu yeyote mezani pale.

Mkwe wa Tanga aliandika tena:

Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote, na kwa baba wa Kibokoni, shikamoo tena. Nimempigia simu mwenyeji wetu jioni hii kama nilivyoshauriwa. Hakukasirika hata kidogo. Alisema mama yake mzazi naye ameacha pilipili tangu alipozeeka, na kwamba atamwomba mpishi atoe sehemu ya samaki wa kukaanga kabla ya kumwagiwa mchuzi. Kuhusu mzio, nimemuuliza mama na mume wangu, na hana wowote.

Limebaki moja. Kwenye orodha ya vinywaji nimeona zobo, na maji ya tangawizi. Je, hivyo vina pilipili? Na je, nimpakulie mimi au nimwache ajipakulie mwenyewe?

Upawa, Houston, alijibu:

Zobo ni maua ya rosela yaliyochemshwa, ndugu yake yule anayeitwa karkadeh na Wasudani, na mara nyingi hutiwa tangawizi na karafuu. Maji ya tangawizi ya Afrika Magharibi huwa mazito kuliko tunavyotarajia, na yapo majiko yanayoyaongezea pilipili manga. Kwa mtu anayekunywa chai ya tangawizi kila siku sioni tatizo, ila aonje kwanza.

Kuhusu kupakua, nenda naye pamoja, ukitangulia hatua moja. Wewe ndiye uulize kwa mpishi aliyesimama nyuma ya meza, naye ndiye aamue na ashike upawa. Mpishi mwulize hivi: katika sufuria hii mmesaga pilipili, au ipo pembeni? Akisita kujibu, piteni chombo hicho mwende kinachofuata. Nami ningeanzia meza ya Ethiopia, kisha ya Wasomali, na ya Magharibi iwe ya mwisho kwa ajili ya dodo, ewedu na huyo samaki aliyeahidiwa, ili mama akifika hapo awe tayari ana chakula sahanini na asilazimike kubahatisha.

Mke wa Mhabeshi, Nairobi, alijibu:

Naongeza dogo tu: ukiona kwenye meza ya Ethiopia vyombo viwili vya dengu vilivyofanana, kimoja cha manjano na kingine chekundu, mwombe mhudumu abadilishe kijiko cha kile cha manjano kabla mama hajapakua. Watu hutumia kimoja kwa vyote viwili, na wahudumu hawaoni taabu kukuletea kingine.